Saa ya Kuungua: Kisa cha Mwanamke Mwenye Kifafa Aliyeangukia Moto

Usuli

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mama wa watoto wawili, mkazi wa kijiji kimoja cha nyanda za juu nchini Tanzania ambako usiku huwa wa baridi na chakula hupikwa kwa kuni juu ya mafiga matatu yaliyopangwa sakafuni. Jina, kijiji, mwaka na mambo mengine ambayo yangeweza kumtambulisha yameondolewa, na machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Ana kifafa tangu utotoni, nacho kilikuwa kimetulia kwa miaka kadhaa kwa vidonge vya fenobabitoni alivyokuwa akivichukua kila mwezi katika zahanati. Wiki chache kabla ya tukio vidonge hivyo viliisha, akaambiwa arudi mwezi unaofuata, na familia haikuwa na nauli ya kuvifuata mjini.

Kifafa na majeraha ya moto vimeandamana kwa muda mrefu katika maeneo yetu. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilayani Ulanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikutana na wagonjwa wenye makovu ya moto, na alikutana pia na woga kwamba mate ya mtu aliyeshikwa na kifafa huambukiza. Woga huo umepungua lakini haujaisha, na katika kisa hiki ulikula dakika ambazo zilichangia sana kina cha jeraha la mkono.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa wagonjwa wetu hupokelewa kwanza katika vituo vya afya na hospitali za wilaya, mbali na kitengo chochote cha majeraha ya moto. Kwa hiyo kisa hiki kinafuatilia saa kumi na tano za mwanzo kwa undani, na yaliyofuata kwa ufupi.

Mtiririko wa matukio

*Nyumbani.* Mgonjwa alikuwa akichemsha maji ya ugali alipopatwa na kifafa. Aliangukia mkono wa kulia, ambao uliingia ndani ya moto, kifua kikalalia figa, na sufuria ya maji ikammwagikia paja la kulia. Blauzi yake ya nailoni ilishika moto kuanzia begani hadi shingoni. Mtoto mkubwa alikimbia kuita majirani, nao watu wazima wawili wa kwanza kufika walisimama mlangoni kwa sababu mmoja wao alisema, "Msimguse, povu hilo linaambukiza." Bibi mmoja mzee aliyefika baada yao ndiye aliyemvuta kwa miguu. Akamwagiwa ndoo moja ya maji, moto ukazima, na hakuna maji mengine yaliyotumika baada ya hapo. Kifuani alipakwa ute wa yai. Usoni na shingoni alipakwa dawa ya meno.

*Kituo cha afya.* Alifikishwa kwa bodaboda saa 2:15 usiku, akiwa ameshikiliwa katikati ya dereva na shemeji yake. Tabibu wa zamu, aliyekuwa peke yake na muuguzi mmoja, alimwekea kanula, akamtundikia mililita 500 za maji ya chumvi, akampa chanjo ya pepopunda na sindano ya msulini ya diklofenaki ya kutuliza maumivu. Kisha alimpaka krimu nyeupe ya salfadiazini ya fedha kila mahali palipoonekana pekundu, akafunga mkono wote kwa bandeji, na kuandika kwenye barua ya rufaa: "Ameungua 40%." Gari la wagonjwa lilichelewa kwa ajili ya mafuta.

*Hospitali ya wilaya.* Gari lilifika saa 4:30 usiku, chupa ya dripu ikiwa imekwisha njiani. Dirishani familia iliulizwa fomu ya polisi, PF3. Muuguzi wa zamu alisema fomu itafuatwa asubuhi, akakiingiza kitanda ndani. Mgonjwa alikuwa na usingizi mzito lakini akijibu maswali. Mapigo ya moyo 132 kwa dakika, shinikizo la damu 95/60, pumzi 26, joto la mwili 35.2. Sauti yake ilikuwa safi, kinywani hamkuwa na masizi, na hakukoroma wala kuvuta pumzi kwa shida.

Saa 5:00 usiku bandeji zilifunguliwa na krimu ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba lakini vina joto, na mapigo ya kifundo yalipatikana kwa shida. Saa 5:40 alipata mofini ya kwanza, baada ya ufunguo wa kabati kutafutwa kwa aliyekuwa nao. Saa 6:30 usiku muuguzi alipojaribu kuweka kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole cha mkono huo, kifaa hakikusoma kitu. Vidole vilikuwa baridi na vimepauka, na mapigo ya kifundo hayakupatikana tena. Daktari wa zamu alimpigia simu daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali ya rufaa saa 6:45, akamtumia picha, na saa 8:00 usiku mgonjwa alikuwa chumba cha upasuaji akipasuliwa gamba la mkono, yaani ngozi ngumu iliyokufa kwa kuungua.

Saa 12 asubuhi alipatwa na kifafa kwa mara ya pili, akiwa kitandani. Alipewa diazepamu, kisha fenobabitoni. Saa 3 asubuhi aliondoka kwenda hospitali ya rufaa.

Maamuzi na sababu zake

*Saa ya kuanzia.* Uamuzi wa kwanza wa timu ya wilaya ulikuwa kuitafuta saa ya ajali. Barua ya rufaa iliandika saa ya kufika kituo cha afya tu, na ndugu walitofautiana: mmoja alisema "jioni", mwingine "magharibi". Muuguzi alimwomba mume aonyeshe simu yake, ikaonekana kwamba jirani alimpigia saa 12:38 jioni. Ajali ikaandikwa saa 12:30. Jambo hili dogo ndilo lililoamua kiasi cha maji ya usiku mzima, kama itakavyoonekana.

*Ukubwa wa jeraha.* Daktari hakuipokea asilimia 40 ya barua. Baada ya kuosha krimu alipima upya kwa kanuni ya tisa, inayougawa mwili katika sehemu za asilimia tisa au mafungu yake, ile iliyotangazwa na Alexander Wallace mwaka 1951, na kwa sehemu ndogo zilizotawanyika alitumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe, ambacho pamoja na vidole hukaribia asilimia 1 ya mwili. Mahali palipokuwa pekundu tu, pasipo malengelenge wala ngozi iliyobanduka, hapakuhesabiwa. Alipata mkono wa kulia asilimia 8, kifua na sehemu ya juu ya tumbo 9, shingo na upande wa uso 3, na paja 4; jumla 24. Karibu asilimia 10 kati ya hizo, yaani sehemu kubwa ya mkono na kipande cha kifua, ilikuwa ngozi iliyoungua unene wote: nyeupe na kahawia, kavu, ngumu kama ngozi ya ngoma, isiyopauka kwa kubonyezwa wala kuhisi ncha ya sindano.

*Maji.* Uzito ulitoka kwenye kadi ya kliniki ambayo mama mkwe alikuwa amekuja nayo: kilo 50 na ushei. Kwa kanuni iliyotoka hospitali ya Parkland, Dallas, kwa kazi ya Charles Baxter katika miaka ya 1960, mililita 4 mara kilo 50 mara asilimia 24 ni mililita 4,800 kwa saa 24, nusu yake, yaani 2,400, ikiingia katika saa 8 za mwanzo. Saa hizo huhesabiwa tangu kuungua, hivyo zilikuwa zinaisha saa 8:30 usiku. Mililita 500 zilikwisha kuingia. Zilibaki 1,900 kwa saa 4, ambazo ni mililita 475 kwa saa.

Inafaa kuweka hesabu nyingine kando ya hiyo. Kama saa ya kuanzia ingekuwa ya kufika hospitali, angepata mililita 300 kwa saa, naye alikuwa tayari nyuma. Kama asilimia 40 ingeaminiwa, angepata mililita 875 kwa saa, kiasi ambacho kingejaza mapafu, uso na ule mkono uliokuwa unabanwa. Tofauti ya karibu mara tatu, kwa mgonjwa yuleyule na kanuni ileile, imetokana na mambo mawili tu ambayo hayahitaji mashine yoyote kuyapima.

Daktari alijua kwamba mafunzo ya huduma kwa majeruhi yaitwayo ATLS, katika toleo la 2018, yalianza na mililita 2 kwa mtu mzima, mradi mkojo ndio uongoze hatua inayofuata. Alichagua 4 kwa sababu mgonjwa alikuwa amechelewa, alikuwa na dalili za mshtuko, na jeraha la mkono lilikuwa la kina. Aliandika kwenye faili kwamba kiasi hicho ni cha kuanzia tu, na kwamba mkojo ukizidi mililita 50 kwa saa kipunguzwe bila kusubiri yeye aamke. Maji yaliyochaguliwa yalikuwa ya Ringer, ambayo madini yake hukaribia ya damu, kwa kuwa maji ya chumvi kwa wingi wa namna hiyo huongeza asidi mwilini.

Utekelezaji ulihitaji ubunifu. Mililita 475 kwa saa kwa mpira wa matone 20 kwa mililita ni matone 158 kwa dakika, ambayo hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Kanula ya pili iliwekwa mkono wa kushoto, kila mpira ukabeba nusu, na juu ya kila chupa muuguzi alibandika plasta yenye saa ambayo chupa hiyo ilipaswa kuwa imekwisha. Mpira wa mkojo uliwekwa mara moja. Mkojo wa kwanza ulikuwa kidogo na mzito, lakini wa manjano. Rangi ya chai au kahawa ilitafutwa kwa makusudi, kwa kuwa msuli ulioungua huachia kitu kinachoziba figo. Saa ya kwanza alitoa mililita 12, ya pili 18, ya tatu 24, ya nne 38. Kuanzia saa 8:30 dripu zilishushwa hadi mililita 150 kwa saa, na alfajiri, mkojo ulipofika 60, zikashushwa hadi 120.

*Kutompoza tena.* Mwanafunzi wa uuguzi alipendekeza jeraha limwagiwe maji kwa dakika 20, kama alivyofundishwa. Muuguzi mkuu alikataa, na alikuwa na haki. Maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 husaidia yakianza ndani ya saa 3. Hapa zilikuwa zimepita 4, na mgonjwa alikuwa na joto la 35.2. Majeraha yalifunikwa kwa shuka safi, akafunikwa blanketi mbili, madirisha yakafungwa, na chupa za dripu zikawekwa kwanza kwenye beseni la maji ya moto kiasi.

*Maumivu na kulala.* Mofini ilitolewa kwenye mshipa, miligramu 2.5 kila mara, ikirudiwa kwa kuangalia pumzi. Sindano ya msulini ilikataliwa, kwa kuwa mtu aliye katika mshtuko hainyonyi dawa vizuri kutoka msulini, kisha damu inaporudi kuzunguka dozi zote huingia kwa pamoja. Kichwa cha kitanda kiliinuliwa ili uso usivimbe zaidi, bila mto chini ya kichwa ili shingo isijikunje, na mkono ukatundikwa juu ya usawa wa moyo.

*Kupasua gamba au kusafirisha.* Huu ndio uliokuwa uamuzi mgumu wa usiku ule. Ngozi iliyoungua unene wote haitanuki; maji yanapoingia mwilini msuli huvimba chini yake, na gamba linalozunguka mkono mzima hukaza mpaka damu isipite. Daktari wa zamu hakuwahi kufanya upasuaji huo peke yake, na wazo lake la kwanza lilikuwa kumsafirisha usiku huohuo. Bingwa kwenye simu alimuuliza maswali mawili tu: gamba limezunguka mkono wote? Barabara ni saa ngapi? Jibu la kwanza lilikuwa ndiyo, la pili saa nne. Akamwambia akate kabla ya kusafirisha, akabaki kwenye simu.

Palikuwa na ubishi kuhusu ketamini, dawa ya usingizi, kwa kuwa muuguzi mmoja aliamini kwamba mwenye kifafa hapaswi kuipata. Mtaalamu wa usingizi alieleza kwamba kifafa si kizuizi, akaitoa pamoja na diazepamu kidogo. Mkono ulilazwa kiganja kikitazama juu, na mikato miwili ikapitishwa pande zote mbili za mkono, wa ndani ukipita mbele ya mfupa wa kiwiko ili kuukwepa mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Kisu kilishuka mpaka mafuta ya chini ya ngozi yakaonekana na kingo zikaachana zenyewe. Damu ilidhibitiwa kwa kufunga mishipa na kukandamiza. Ndani ya dakika chache kiganja kilipata joto na mapigo ya kifundo yakarudi, isipokuwa ncha za kidole cha mwisho na cha pete, ambazo zilibaki za bluu. Kifua kilikaguliwa pia. Gamba lake halikukizunguka, na kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri, hivyo hakikupasuliwa.

*Maelezo ya ajali.* Muuguzi mmoja alimuuliza mgonjwa, ndugu wakiwa nje, nini kilitokea na kama kuna mtu aliyemdhuru. Majibu yake yalilingana na ya mtoto, na umbo la jeraha lililingana na yote mawili. Swali hili ni la lazima kwa kila mtu mzima na kila mtoto aliyeungua, hata pale ugonjwa kama kifafa unapotoa maelezo ya haraka.

Matokeo

Alifika hospitali ya rufaa mchana akiwa na mapigo 104, mkojo wa kutosha, na jedwali la maji lililojazwa saa kwa saa. Siku ya pili alianza kulishwa kwa mpira wa puani: uji wa lishe wenye maziwa, mafuta na sukari, kisha mayai na maharage kwa mdomo. Siku ya tano ngozi iliyokufa ya mkono na kifua iliondolewa na kufunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani, kwa njia ya ukataji wa mapema ambayo Zora Janžekovič wa Maribor aliieleza mwaka 1970. Alihitaji damu chupa mbili. Kipande cha ngozi kifuani hakikushika na kilipandikizwa upya. Ncha za vidole viwili zilikatwa. Aliruhusiwa baada ya wiki saba.

Miezi sita baadaye anaweza kushika kikombe na kufunga kanga, lakini hawezi kukunja ngumi kamili, na kovu la shingo linavuta kidogo upande wa kulia anapotazama juu.

Uchambuzi

Nianze na lililokwenda vizuri zaidi, ambalo kwa maoni yangu si upasuaji. Ni kule kuuliza saa kamili ya kuungua na kukataa kuridhika na neno "jioni". Ukubwa wa jeraha na saa ya ajali ndivyo vinavyozaa kiasi cha maji. Maji huamua kama figo zitapona na pia kama jeraha litaongezeka. Hili la mwisho husahaulika. Douglas Jackson wa Birmingham alionyesha mwaka 1953 kwamba kuzunguka ngozi iliyokufa kuna tabaka ambalo damu yake inapita kwa kusuasua, na ambalo katika siku moja au mbili zinazofuata huweza kupona au kufa. Mgonjwa anayenyimwa maji hulipoteza tabaka hilo, na anayefurikishwa nayo huvimba na kulipoteza vilevile. Kwa maana hiyo, kina cha jeraha kilichoandikwa usiku wa kwanza bado kilikuwa kinaamuliwa.

Kosa la asilimia 40 linastahili kueleweka kuliko kulaumiwa. Tabibu aliyeko peke yake usiku, mbele ya mgonjwa anayepiga kelele kwa taa hafifu, huona wekundu wote kuwa ni kuungua, na krimu nyeupe ikishapakwa hakuna anayeweza kurekebisha bila kuiosha. Hapo ndipo ilipo hasara kubwa ya salfadiazini ya fedha kabla ya rufaa: inaficha jeraha, hufanya utando unaofanana na ngozi iliyokufa, na kwa majeraha ya juu huchelewesha kupona. Ningependa vituo vya afya viiache kabisa kwa mgonjwa anayepelekwa mbele, vifunike kwa kitambaa safi au karatasi laini ya plastiki ya kufungia chakula isiyozungushwa kwa kukaza, na muda uliookolewa utumike kuongeza chupa ya pili ya dripu. Mililita 500 katika saa nne za mwanzo zilikuwa chache mno. Mgonjwa asiyetapika na aliye macho angeweza pia kupewa maji ya ORS kwa vikombe vidogo, lakini kwa huyu, aliyekuwa na usingizi baada ya kifafa, kumnyima kinywani kulikuwa sahihi.

Diklofenaki ilikuwa chaguo baya kwa sababu nyingine: hubana damu ya figo wakati ambapo figo tayari zina kiu. Parasetamoli ingekuwa salama zaidi mpaka afike penye mofini. Na kuhusu mofini yenyewe, dakika sabini tangu kufika hospitali ni ndefu. Ufunguo wa dawa za kulevya hauna budi kudhibitiwa, lakini udhibiti wenye maana ni ule unaomfanya mwenye ufunguo awe mtu wa zamu aliyepo jengoni.

Mkono ndio uliopoteza kitu ambacho pengine kingeokolewa. Saa 5:00 usiku kila kilichohitajika kujulikana kilijulikana: jeraha la unene wote, limezunguka mkono, mapigo hafifu, na maji mengi yanakaribia kuingia. Hakuna aliyeandika agizo la kupapasa mapigo kila nusu saa. Kupotea kwa mapigo kuligunduliwa saa 6:30 kwa bahati ya kifaa kilichohamishwa kidole, na mkato ulifanyika saa moja na nusu baadaye kwa sababu wahudumu wa upasuaji waliitwa kutoka nyumbani. Gamba lilikuwa limeonekana mapema. Simu kwa bingwa ingepigwa saa 5:00, kabla ya vidole kupauka, na chumba cha upasuaji kingekuwa tayari. Sidai kwa hakika kwamba ncha za vidole zingepona, kwa kuwa vidole ndivyo vilivyokuwa ndani kabisa ya moto. Hata hivyo uamuzi wa kukata pale wilayani, badala ya kumpakia kwenye gari kwa saa nne, uliokoa mkono wenyewe, na picha za simu zilimwezesha mtu asiye na uzoefu kufanya kazi ya mtu mwenye uzoefu.

Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ilitolewa usiku ule na kusimamishwa na hospitali ya rufaa. Ilitolewa kwa mazoea. Jeraha jipya la moto halina maambukizi ya kutibiwa, na dawa ya sindano haizuii yanayokuja. Inachagua tu vijidudu sugu vitakavyobaki. Pepopunda ilikwisha kushughulikiwa, nayo ndiyo kinga iliyohitajika.

Kifafa cha saa 12 asubuhi kilikuwa na kila dalili ya kuja. Timu nzima iliandika "mgonjwa wa kifafa aliyeacha dawa" kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, na hakuna aliyeandika dawa hiyo kwenye karatasi ya maagizo. Jeraha lilivuta macho ya wote. Mgonjwa angeweza kuvuta matapishi, kung'oa kanula, au kuupiga ukingo wa kitanda kwa mkono uliopasuliwa. Hakufanya lolote kati ya hayo, lakini kwa aliyeungua kwa sababu ya ugonjwa mwingine, tiba ya ugonjwa huo ni sehemu ya saa ya kwanza, sawa na maji.

Huko kijijini, ndoo moja ilizima moto na kuacha joto ndani ya ngozi. Maji yalikuwepo, pipa lilikuwa ukutani kwa jiko. Kilichokosekana ni kujua kwamba baada ya moto kuzimika kazi ya maji ndiyo inaanza, na kwamba nailoni inayotoka kwa urahisi ivuliwe pamoja na bangili na pete kabla vidole havijavimba. Ute wa yai na dawa ya meno havikumwua, lakini kuviondoa kulimgharimu maumivu ambayo hakustahili. Mhudumu wa afya wa jamii amekwisha kuanza kuonyesha jambo hili kwa vitendo katika mikutano ya kijiji, akitumia jagi na mkono wake mwenyewe, na pamoja nalo anaeleza namna ya kumvuta mtu mwenye kifafa kutoka motoni. Bibi aliyemvuta mgonjwa huyu huhudhuria na kuulizwa kama aliambukizwa.

Hospitali ya wilaya imeongeza mistari miwili kwenye fomu yake ya kupokelea majeruhi: saa ya kuungua na jina la aliyeithibitisha, na mapigo ya kila kiungo kilichozungukwa na jeraha, kila nusu saa. Kuhusu dawa, mgonjwa aliruhusiwa akiwa na fenobabitoni ya miezi miwili. Alipokwenda zahanati mwezi wa tatu alikuta haipo tena. Sasa famasia ya hospitali ya wilaya humwekea pakiti kila mwezi kwa jina lake, na gari la chanjo linalopita kijijini humpelekea.